SOMO LA UFUNDI NA USALAMA: MAFUTA YAPATE NJIA YA KURUDI
Jinsi ya kuunganisha mipira ya haidroliki ya kijiko kinachofungwa nyuma ya trekta ndogo



Kazi ya mifereji katika nchi yetu haina mwisho. Miwa inayosagwa katika kiwanda cha sukari cha Kabuye, hapa Kigali, hulimwa katika vinamasi vya bonde la Nyabarongo. Chai ya Mulindi, wilayani Gicumbi, nayo imo bondeni, na bila mifereji mizizi yake ingeoza. Kila mvua zinapokuja udongo hushuka kutoka milimani, mifereji huziba, na wenzetu huingia majini kwa majembe na sepetu kuizibua.

Shamba au chama cha ushirika likiwa na trekta ndogo, wazo la kuifungia kijiko cha kuchimbia huja upesi. Katapila kubwa ni ghali, na katika tope la bondeni huzama. Basi hununuliwa kijiko peke yake, pengine kilichokwisha kutumika kwingine, mipira yake imekatwa na viungo vyake haviingiani na vya trekta. Hapo mfanyakazi mmoja huitwa na kuambiwa: "Fundi, unganisha."

Somo hili ni juu ya neno hilo moja, unganisha. Kuunganisha mipira ya haidroliki si sawa na kuunganisha bomba la maji. Ukikosea bomba la maji utalowa. Ukikosea haidroliki unaweza kupoteza mkono, au mwenzako akabanwa chini ya mtambo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mafuta yote yanayosukumwa na pampu lazima yawe na njia ya kurudi tangini, wakati wote, vishikio vikiwa mahali popote. Njia hiyo ikifungwa, kitu kitapasuka. Na aliye karibu kinapopasuka ni dereva au fundi, wala si yule aliyeagiza kazi imalizwe haraka.

1. NGUVU INATOKA WAPI?

Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alionyesha kwamba maji au mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo, yakisukumwa mahali pamoja, husukuma kwa presha ile ile kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alitumia kanuni hiyo kutengeneza mashine ya kugandamiza. Jeki ya gari, kijiko cha trekta na mashine kubwa za viwandani zote ni watoto wa kanuni hiyo moja.

Tuchukue mfano, na mfano huu tutaendelea nao hadi mwisho wa somo. Pampu ya trekta yetu inatoa lita 30 kwa dakika, na valvu ya usalama imewekwa bar 170. Bar moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Silinda ya kijiko ina kipenyo cha sentimita 6 kwa ndani, na fimbo yake ina unene wa sentimita 3.

Eneo la pistoni upande usio na fimbo ni sentimita za mraba 28.3. Zidisha kwa 170 utapata kilo 4,811, yaani karibu tani 4.8. Upande wa fimbo, fimbo yenyewe imekula nafasi ya sentimita za mraba 7.1, zimebaki 21.2. Zidisha kwa 170 utapata karibu tani 3.6. Kwa hiyo silinda inaposukuma ina nguvu zaidi kuliko inapovuta.

Tani 4.8 kutoka katika silinda isiyozidi unene wa paja la mtu! Hatusemi haya ili kuwatisha. Tunasema ili mtu asiuone mpira mwembamba akaudharau.

2. SAFARI YA MAFUTA

Katika trekta nyingi ndogo mafuta huzunguka bila kusimama. Yanatoka tangini, yanapita chujio, yanaingia pampu, yanakwenda kwenye valvu ya vishikio, na kama hakuna kishikio kilichovutwa yanapita katikati ya valvu na kurudi tangini. Injini ikiwa inafanya kazi mzunguko huo hauna mapumziko. Dereva anapovuta kishikio, njia ya katikati inafungwa na mafuta yanalazimika kuingia silinda.

Mafundi huuita mfumo huu wa katikati wazi. Yako matrekta mengine, hasa makubwa, ambayo katikati yamefungwa na pampu hupunguza kazi yenyewe. Valvu ya mfumo mmoja haifungwi katika mfumo mwingine bila kubadilishwa. Basi kazi ya kwanza si kushika spana. Kazi ya kwanza ni kutafuta kitabu cha trekta na kusoma ni mfumo gani, presha kiasi gani, lita ngapi kwa dakika, na mafuta ya aina gani. Trekta nyingi ndogo hutumia mafuta yale yale kwa giaboksi na kwa haidroliki, hivyo ukitia mafuta yasiyofaa utaharibu vyote viwili.

Ziko njia mbili za kukipa kijiko mafuta. Ya kwanza ni kutumia pampu ya trekta yenyewe. Ya pili ni kufunga pampu nyingine katika shafti ya nyuma ya trekta, ile iitwayo PTO, na kuipa tangi lake la peke yake. Njia ya pili inahitaji vifaa zaidi, lakini mafuta ya kijiko hayachanganyiki na ya giaboksi, na mzunguko wake ni rahisi kuuelewa. Katika somo hili tunashughulika na njia ya kwanza, maana ndiyo yenye mtego mkubwa.

3. MILANGO MITATU

Mikono ya nyuma ya trekta, ile inayonyanyua jembe, nayo hula mafuta ya pampu hiyo hiyo. Kwa hiyo valvu ya kijiko huwekwa kati ya pampu na mikono hiyo. Mafuta yapite kwanza kwenye kijiko, halafu yaendelee kwenye mikono. Ili kufanya hivyo salama, valvu ya kijiko lazima iwe na milango mitatu, wala si miwili.

Mlango wa kwanza ni wa kuingilia. Mara nyingi umepigwa chapa P. Hapa mafuta ya presha yanaingia kutoka pampu.

Mlango wa pili ni wa kupitisha mbele. Umepigwa chapa PB au N. Mafuta ambayo kijiko hakikuyahitaji yanatoka hapa, yakiwa bado tayari kufanya kazi, kwenda kwenye mikono ya trekta.

Mlango wa tatu ni wa kurudi. Umepigwa chapa T. Mafuta yaliyokwisha kufanya kazi katika silinda, na yale yaliyofunguliwa na valvu ya usalama, yanarudi tangini kwa hapa. Mpira wa mlango huu uende tangini moja kwa moja, usipitie mahali pengine popote.

Mtego uko hapa. Valvu nyingi huuzwa zikiwa na milango miwili tu, P na T. Ndani yake mafuta ya katikati na mafuta yanayotoka kwenye silinda hukutana katika chumba kimoja na kutokea T. Chumba hicho hakikutengenezwa kubeba presha kubwa. Sasa fundi anayetaka kazi iishe anachukua T na kuipeleka kwenye mikono ya trekta. Injini inawashwa, kijiko kinachimba vizuri, kila mtu anafurahi. Siku dereva atakapoinua mikono yenye mzigo, bar 170 zitarudi nyuma hadi ndani ya chumba cha T. Sili za vijiti vya vishikio zitatoka, na valvu yenyewe inaweza kupasuka, mbele ya magoti ya dereva.

Dawa yake ni kipande cha chuma kiitwacho bushi ya kupitisha mbele, kinachoskrubiwa ndani ya mlango wa kutokea na kuitenga njia ya katikati na njia ya kurudi. Kila mtengenezaji ana bushi yake kwa valvu yake. Bushi ya valvu nyingine haitumiki hata kama inaingia. Kama haipatikani, afadhali T iende tangini moja kwa moja na mikono ya trekta ikae bila kazi kijiko kikiwa kimefungwa. Lakini kabla ya kufanya hivyo hakikisheni kwamba njia hiyo hailishi usukani, klachi au breki. Kitabu cha trekta kitasema.

4. MLANGO ULIOFUNGWA: HESABU YA HATARI

Wengi huamini kwamba valvu ya usalama ikiwekwa bar 170, basi hakuna mahali katika mtambo panapoweza kuzidi bar 170. Imani hiyo si kweli, nayo imewaumiza watu.

Rudini kwenye silinda yetu. Mafuta ya bar 170 yanasukuma upande mpana, wenye sentimita za mraba 28.3. Upande wa fimbo mafuta yanatakiwa yatoke. Tuseme njia yake imezibwa: kiungo cha kuchomeka hakikuingia hadi mwisho, au mpira umekunjika. Pistoni inayagandamiza mafuta yale yasiyo na pa kwenda kwa nguvu ya kilo 4,811, juu ya eneo la sentimita za mraba 21.2 tu. Gawanya: utapata bar 227.

Valvu ya usalama haitaona lolote, maana kwake presha bado ni 170. Mpira ulio upande wa pili ndio unaobeba 227. Na kadiri fimbo inavyokuwa nene ndivyo presha hiyo inavyopanda zaidi.

Sasa msikilize amri inayosikika katika mashamba mengi: "Kijiko hakina nguvu, kaza kidogo ile valvu." Tukikaza kutoka bar 170 hadi 220, nguvu ya kijiko inaongezeka karibu theluthi moja, na mahali pale palipozibwa panapata bar 293. Vyuma, pini na mipira vilipimwa kwa presha ya mwanzo. Valvu ya usalama hupangwa kwa geji ya presha na kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa sikio wala kwa haraka ya msimamizi. Ya kijiko iwe chini kidogo ya ile ya trekta.

5. UPANA NA UNENE WA MIPIRA

Mafuta yakipita mahali pembamba hupata joto na hupoteza nguvu. Mafundi wana vipimo vya mwendo: upande wa kunyonya, karibu mita moja kwa sekunde, upande wa kurudi, mita mbili hadi tatu, upande wa presha, hadi mita tano hivi.

Lita 30 kwa dakika ni sentimita za ujazo 500 kwa sekunde. Mpira wa presha wenye upana wa nusu inchi kwa ndani utapitisha mafuta hayo kwa mwendo wa mita 3.9 kwa sekunde. Unafaa.

Lakini upande wa kurudi una jambo ambalo wengi hawalijui. Silinda inapovuta, pampu inatia sentimita 500 kila sekunde upande mwembamba wa fimbo, na upande mpana unatoa sentimita 667, yaani lita 40 kwa dakika. Mafuta yanayorudi ni mengi kuliko yanayokwenda! Kwa hiyo mpira wa kurudi lazima uwe mpana kuliko wa presha. Robo tatu ya inchi utapitisha kwa mita 2.3 kwa sekunde. Wa kunyonya, kama pampu ni ya PTO, uwe inchi moja. Kumbukeni kwa urahisi: presha nusu, kurudi robo tatu, kunyonya inchi nzima. Hiyo ni kwa pampu ya mfano wetu; pampu kubwa zaidi ipigiwe hesabu yake.

Upana si unene. Mpira wa nusu inchi wenye wavu mmoja wa waya, uliopigwa chapa 1SN, umekadiriwa bar 160. Haufai kwa bar 170, sembuse 227. Ule wenye nyavu mbili, 2SN, umekadiriwa bar 275. Kwa macho inafanana. Kinachoitofautisha ni maandishi ubavuni. Someni maandishi. Mpira usio na maandishi usipewe kazi ya presha.

Mambo manne yasifanywe kamwe. Msitumie bomba la maji la chuma lililopakwa zinki, wala viungo vyake. Msifunge mpira wa presha kwa klipu ya kukaza kwa bisibisi. Ncha zake zibanwe kwa mashine. Msizungushe utepe mweupe wa mafundi bomba katika nyuzi, maana vipande vyake husafiri na kukwama ndani ya valvu. Na msiuache mpira ukisugua chuma au ukijikunja kijiko kinapogeuka. Ufungeni kwa nafasi, na mwendesheni kijiko polepole pande zote kuona kama unavutwa.

6. MENO YA VIUNGO

Trekta zinazofika kwetu zimetoka Japani, India, China na Ulaya, na kijiko pengine kimetoka Marekani. Kila nchi ina desturi yake ya meno ya nati. Mtego mbaya ni wa nusu inchi na wa robo tatu. Nusu inchi ya Kiingereza, BSP, ina meno 14 kwa inchi. Nusu inchi ya Kimarekani, NPT, nayo ina meno 14 kwa inchi. Mkono utahisi kwamba zinaingiana. Lakini pembe ya jino la Kiingereza ni nyuzi 55 na ya Kimarekani ni nyuzi 60. Zitakazika, zitavuja, na ukizidi kukaza utapasua mlango wa valvu.

Kwa hiyo pimeni kwa kipimo cha meno, wala msibahatishe. Kama hamna kipimo, chukueni kiungo chenyewe mkononi hadi kwa muuzaji wa mipira ya haidroliki mkakilinganishe hapo. Safari moja ya mjini ni rahisi kuliko valvu mpya.

7. KIGALI SI PWANI

Watu husema pampu hunyonya mafuta. Kwa kweli ni uzito wa hewa unaoyasukuma mafuta kutoka tangini kuingia pampu. Pwani, Dar es Salaam au Mombasa, hewa husukuma kwa bar moja. Sisi tuko juu, mita 1,500 na zaidi katika sehemu nyingi za Kigali, na hewa yetu husukuma kwa karibu bar 0.85 tu. Mashambani milimani ni pungufu zaidi.

Maana yake ni kwamba pampu iliyofungwa kwa njia nyembamba ya kunyonya, ambayo pwani ingevumilia, huku kwetu inaweza kukosa mafuta. Vinatokea viputo vinavyopasuka ndani ya pampu na kuila chuma. Mtazisikia kelele kama kokoto ndani ya debe. Tangi liwe juu ya pampu kadiri iwezekanavyo, mpira wa kunyonya uwe mfupi na mpana, na chujio la kunyonya lisafishwe mapema.

Tena ardhi yetu ni ya miteremko. Trekta ikilala upande, mafuta hukimbilia kona moja ya tangi, na mdomo wa kunyonya unaweza kubaki hewani. Pimeni mafuta trekta ikiwa mahali tambarare, silinda zote zimeingia ndani kadiri kijiko kinavyokunjwa. Ukijaza tangi silinda zikiwa zimetoka, zitakaporudi mafuta yatamwagika.

Kwa miguu ya kijiko, ile inayoiegemeza trekta wakati wa kuchimba, takeni valvu ya kuzuia mafuta kurudi, iliyofungwa kwenye silinda yenyewe. Mpira wa mguu ukipasuka mtelemkoni, valvu hiyo ndiyo itakayoizuia trekta isiangukie bondeni.

8. KUFUNGA NA KUFUNGUA KIJIKO

Kijiko hakikai kwenye trekta mwaka mzima. Kila kinapotolewa, mipira mitatu hufunguliwa. Viungo vya kuchomeka vina mlango ndani yake: vikiachana, vinajifunga vyenyewe. Hiyo ni nzuri kwa usafi na mbaya kwa mzunguko. Kijiko kikitolewa na ncha za trekta zikaachwa zinaning'inia, pampu haina njia. Injini ikiwashwa mafuta yote yatalazimika kupita kwenye valvu ya usalama, na kama valvu hiyo ilikuwa ya kijiko peke yake, hakuna kinachoizuia presha kupanda.

Hata kama valvu ya trekta ipo, tazameni hesabu. Lita 30 kwa dakika kwa bar 170 ni kilowati 8.5. Nguvu yote hiyo inageuka kuwa joto, kama pasi nane za umeme za wati elfu moja zilizotumbukizwa ndani ya tangi. Tangi la lita 20 litapanda karibu nyuzi 15 kwa kila dakika. Katika dakika chache sili zinaanza kuungua.

Njia bora ni kupanga viungo tangu siku ya kwanza hivi: ncha ya trekta ya P iwe jike, na ncha ya trekta ya kupitisha mbele iwe dume la kipimo kile kile. Kijiko kikitoka, hizo mbili zinachomekana zenyewe na mzunguko unaendelea. Ncha ya T iwe ya kipimo kingine, isiweze kuingia penginepo hata kwa makosa. Halafu pakeni rangi: nyekundu kwa P, njano kwa kupitisha mbele, buluu kwa kurudi. Dereva wa zamu ya usiku, au kibarua aliyeanza kazi jana, hatahitaji kukisia. Kila kiungo kikichomekwa, kivuteni kwa mkono kuhakikisha kimeshika.

9. KUJARIBU

Kabla ya kuwasha, mtu wa pili akague milango mitatu dhidi ya mchoro. Aliyefunga asijikague mwenyewe. Washeni injini kwa mwendo mdogo, watu wote wakiwa mbali na kijiko. Sogezeni kila silinda polepole mara kadhaa kuitoa hewa. Zimeni, ongezeni mafuta, rudieni.

Kuvuja kusitafutwe kwa kidole! Tumieni kipande cha karatasi ngumu ya boksi kwenye fimbo ndefu, na macho yavishwe miwani ya kazi. Tundu la kuvujia linaweza kuwa dogo kama ncha ya sindano, na mafuta yanayotoka hayaonekani. Presha ya bar 7 tu yatosha kupenya ngozi.

Mkiona panapovuja, msikaze nati yenye presha. Teremsheni kijiko hadi kilale chini, zimeni injini, kisha sogezeni vishikio vyote kila upande ili presha iliyobaki itoke. Mkono wa kijiko ulioinuliwa bila gogo au kigingi chini yake ni mzigo unaoning'inia. Asipite mtu chini yake.

10. MAFUTA YAKIINGIA MWILINI

Jambo hili tunaomba lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima.

Mafuta ya presha yakipenya ngozi, jeraha la kwanza ni dogo. Pengine ni nukta nyekundu, kama kuumwa na mdudu. Maumivu huweza kuwa kidogo. Mfanyakazi hufuta mkono na kuendelea na kazi. Lakini ndani mafuta yamesafiri kufuata mishipa na kano, na nyama zimeanza kufa. Baada ya saa kadhaa mkono huvimba, na wakati huo huenda kidole, au mkono mzima, hauokoleki tena.

Hii ni dharura ya upasuaji. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji mara moja, siku hiyo hiyo, bila kungoja zamu iishe. Asipewe chakula. Jeraha lisikandwe wala kukamuliwa. Na anayempeleka atamke wazi: "Mafuta ya mashine yenye presha yameingia ndani ya mwili," na ataje aina ya mafuta. Asiposema hivyo, mganga anaweza kuona nukta ndogo, akaifunga bandeji, na kumrudisha nyumbani.

11. KAZI YA CHAMA

Ndugu, mtu anaweza kuuliza: habari za nati na mipira zinahusu nini gazeti la chama cha wafanyakazi? Zinahusu sana. Ajali ikitokea, swali la kwanza huwa ni nani aliyevuta kishikio. Mara chache huulizwa ni nani aliyekataa kununua bushi ya kupitisha mbele, au aliyeamuru valvu ikazwe. Mfanyakazi anayeielewa safari ya mafuta anaweza kulijibu swali la pili.

Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama mahali pa kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, linasema mfanyakazi aliyejitoa katika kazi yenye hatari kubwa ya papo kwa papo, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi wote duniani. Ajali za kazini zitolewe taarifa rasmi ili aliyeumia apate stahili yake katika RSSB, zisimalizwe kwa maneno ya pembeni.

Basi tunapendekeza haya. Kila shamba lenye kijiko liwe na daftari la mtambo: tarehe ya kila mpira uliobadilishwa, maandishi yake ya ubavuni, na presha iliyopimwa kwa geji. Mchoro wa milango mitatu ubandikwe karibu na kiti cha dereva, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili. Asiguse valvu ya usalama mtu yeyote bila amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Nasi tuwadai waajiri mafunzo kwa wale waliokuwa wakichimba mifereji kwa jembe, ili mashine inapoingia shambani wao ndio waiendeshe, wasiachwe kando.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mpira wa kurudi unatakiwa kuwa mpana kuliko mpira wa presha?

2. Silinda ina kipenyo cha sentimita 8, na presha ni bar 150. Inasukuma kwa nguvu ya tani ngapi? (Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 50.3.)

3. Valvu mliyoletewa ina milango miwili tu, P na T. Mtamwambia nini msimamizi anayetaka T iunganishwe na mikono ya trekta?

4. Kijiko kimetolewa jana. Leo asubuhi trekta inawashwa, injini inalemewa na tangi linapata joto upesi. Mtatazama wapi kwanza?

5. Mwenzenu ana nukta nyekundu kwenye kiganja baada ya kushika mpira unaovuja, naye asema hasikii maumivu. Mtafanya nini, na mtasema nini hospitalini?

6. Katika mahali penu pa kazi, ni nani anayetunza daftari la mtambo? Kama hayupo, mtamchagua nani?

(Jibu la swali la 2: karibu tani 7.5.)

Kila kikundi kiandike majibu yake na kuyapeleka kwa mwakilishi wa wafanyakazi, ayafikishe kwenye kamati ya afya na usalama. Aliyesoma na amsomee asiyesoma.